Mtihani Unaosahihishwa na Mteja

Pampu ya tangi la samaki ni kitu cha bei rahisi. Kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya maji ili samaki wa mapambo wasife. Katika mwaka wa masomo wa 2009–2010, kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa tiba katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, kilichukua pampu za namna hiyo, kikazifunga ndani ya boksi la plastiki la kuwekea viatu, kikaunganisha mipira na chupa ya maji. Hicho ndicho kilichokuwa kifaa chao cha kwanza. Sura yake haikupendeza, lakini kulikuwa na watu wanaokisubiri: madaktari na wauguzi wa wodi ya watoto wachanga ya Queen Elizabeth Central Hospital, mjini Blantyre, Malawi, ambako watoto njiti walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua.

Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huwa na mapafu ambayo hayajakomaa. Vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani yake vinakosa ute unaozuia kuta zisigandane, kwa hiyo kila anapotoa pumzi vinasinyaa, na kila anapovuta inambidi avifungue upya. Aliyewahi kupuliza puto jipya anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Mtoto njiti anaipuliza pumzi hiyo ya kwanza zaidi ya mara hamsini kwa dakika, mpaka misuli inachoka. Tiba yenyewe si ngeni. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walionyesha kwamba hewa yenye shinikizo dogo lisilokatika, ikipelekwa kwenye njia ya hewa ya mtoto, huvifanya vifuko hivyo vibaki wazi. Shida ni mashine. Zile za hospitali za nchi tajiri huuzwa kwa maelfu ya dola, na nyingi hutegemea hewa inayotoka kwenye bomba la ukutani. Wodi nyingi za Afrika hazina bomba hilo.

Wanafunzi wale, basi, hawakuvumbua tiba. Walichotafuta ni njia ya kuifikisha mahali ambapo haikuwa imefika. Pampu zinasukuma hewa ya kawaida, oksijeni inachanganywa nayo, mchanganyiko unaingia puani mwa mtoto kupitia mirija midogo laini, na upande wa pili mrija unaishia ndani ya chupa ya maji. Shinikizo linapangwa na kina cha mrija huo. Ukizama sentimita sita, mtoto anapata shinikizo la sentimita sita za maji. Muuguzi akitaka kuliongeza, anauzamisha zaidi. Muda wote huo mapovu yanatoka chupani. Yakikoma, kuna mahali panavuja au mrija umechomoka. Muuguzi mmoja mwenye watoto wengi wa kuangalia anaweza kusoma kipimo hicho akiwa upande wa pili wa wodi, bila skrini wala king'ora. Hapo ndipo ubora wa kazi ile ulipo.

Kutoka kwenye boksi la viatu, kifaa kilipelekwa kwa kampuni ya usanifu ya 3rd Stone Design ya California, ikakifanya kiwe imara cha kuhimili kazi ya hospitali, kikapewa jina la Pumani. Maprofesa wa Rice, Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, waliendelea kukifuatilia pamoja na madaktari wa Blantyre, akiwamo Elizabeth Molyneux, bingwa wa magonjwa ya watoto. Matokeo ya majaribio ya hospitalini yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto 62 waliowekewa kifaa, 44 walinusurika, yaani asilimia 71. Kati ya 25 waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani, walinusurika 11, yaani asilimia 44. Majaribio yalikuwa madogo na watoto hawakugawanywa kwa kura, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kupuuzwa, na kifaa kikaenezwa katika hospitali nyingine za serikali nchini Malawi.

Yote hayo yalianza kama kazi ya darasani yenye maksi.

Kila anayesomea uhandisi, awe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Houston, hufika mwaka wa mwisho akakuta mradi unamsubiri. Ni lazima abuni kitu, akitengeneze au akichore kwa ukamilifu, akipime, aandike ripoti na kukitetea mbele ya jopo. Kwa miaka mingi, na katika vyuo vingi hata leo, mradi huo umekuwa jambo la ndani ya kuta za chuo: mwalimu anatoa orodha ya mada, mwanafunzi anachagua moja, anahangaika nayo kwa miezi kadhaa, ripoti inafungwa jalada gumu na kupandishwa rafuni. Vyuo vinavyofanya kazi na wateja wa kweli vimebadili kitu kimoja tu katika mpangilio huo, nacho kimebadili vingine vyote. Anayetoa swali si mwalimu. Ni kiwanda, hospitali, shirika au halmashauri yenye shida yake, inayotaka jibu ambalo kesho litatumika.

Chuo kinachotajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa utaratibu huu ni Harvey Mudd, chuo kidogo kilichopo Claremont, California. Ilikuwa mwaka 1963. Wakati huo elimu ya uhandisi ya Marekani ilikuwa imeelemea upande wa nadharia. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na L. E. Grinter, iliyotoka mwaka 1955, ilikuwa imevihimiza vyuo kuongeza hisabati na sayansi za msingi, na vyuo vilitii. Wahitimu wakatoka wakijua kukokotoa lakini wengi wao hawajawahi kubuni kitu kikafanya kazi. Maprofesa wawili wa Harvey Mudd, Jack Alford na Mack Gilkeson, wakautazama udaktari. Mwanafunzi wa udaktari hamalizi masomo kwa kusoma juu ya wagonjwa. Anasimama kando ya kitanda, anamgusa mgonjwa, na daktari mzoefu yuko nyuma yake. Wakauliza kwa nini mhandisi asifundishwe hivyo, wakauita mpango wao kliniki.

Mpango huo ungali hai, na sura yake haijabadilika sana. Wanafunzi wanne au watano wanapewa shida ya kampuni au taasisi moja kwa mwaka mzima wa masomo. Mmoja wao anaongoza. Mwalimu anawashauri bila kuwafanyia kazi. Mteja naye anamtoa mtu wake mmoja ambaye wanafunzi wanazungumza naye mara kwa mara. Na mteja analipa, makumi ya maelfu ya dola kwa mradi mmoja. Fedha hizo zinaendesha mpango, lakini zina kazi nyingine pia: aliyelipa anapokea simu. Anauliza maswali, anakuja kuona, anakasirika kazi ikichelewa. Baadaye chombo kinachotoa ithibati kwa programu za uhandisi Marekani, ABET, kiliweka sharti kwamba kila programu iwe na mradi mkubwa wa usanifu wa kuhitimisha masomo, unaofuata viwango vya kihandisi na kubanwa na mipaka halisi. Sharti hilo halisemi lazima awepo mteja wa nje, lakini vyuo vingi viliona kwamba mipaka halisi haipatikani kirahisi pasipo mtu halisi.

Faida ya kwanza ya mteja inaonekana mapema, katika wiki za mwanzo ambazo wanafunzi wengi huziona za kupoteza muda. Mteja haongei kihandisi. Anasema anataka kitu chepesi, kisichoharibika haraka, rahisi kutengeneza, cha bei nafuu. Kila neno hapo ni mtego. Chepesi kwa nani, kwa mwanamke anayekibeba mgongoni kilomita mbili au kwa vijana wanne wanaokipakia kwenye pikapu? Rahisi kutengeneza kwa fundi yupi, mwenye mashine ya kukerezea au mwenye spana mbili na nyundo? Wanafunzi wanapaswa kurudi na kuuliza mpaka kila sifa igeuke kuwa namba inayoweza kupimwa: kilo, sentimita, saa, shilingi. Kisha wanaiandika orodha hiyo na mteja anaikubali. Msimamizi mwenye uzoefu hutumia muda wake mwingi hapa, kwa sababu anajua kwamba mradi mbovu mara nyingi umeharibika kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Mfano mzuri uko Tanzania. Mwaka 2010 shirika la Kimarekani la WHOlives, lililoanzishwa na John Renouard, lilikwenda kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, ambacho kimekuwa na mpango wa miradi ya wateja tangu mwaka 1990. Shida waliyopewa inafahamika kwa kila aliyeishi kijijini. Maji safi yako chini, lakini gari la kuchimba visima ni ghali, na hata likipatikana, barabara ya kulifikisha mara nyingine haipo. Kisima cha kuchimba kwa sururu kinaishia juu juu, kuta zake huporomoka na kufukia watu, na maji yake huchafuka kirahisi. Palihitajika kitu cha katikati: mtambo wa kuchimba kisima kirefu unaoendeshwa kwa nguvu za watu, unaofunguliwa vipande na kubebwa mpaka mahali ambako lori halifiki.

Walichokibuni ni gurudumu kubwa lililolala juu ya fremu ya chuma. Watu wanalisukuma kwa kulizunguka, gurudumu linazungusha bomba la kuchimbia, na kwenye ncha ya bomba kuna kichwa chenye meno kinachokata udongo na mwamba laini. Maji yanasukumwa kupitia bomba kwenda chini na kupanda tena pembeni yakibeba vumbi na vipande vilivyokatwa. Bomba likizama, linaongezwa jingine juu yake. Shimo lina upana wa sentimita 15, na kina kinaweza kufika mita 76. Mwaka 2011 wanafunzi waliupeleka mtambo Tanzania kuujaribu kwenye ardhi yenyewe, mbali na karakana yenye kila kifaa.

Mmoja wa maprofesa wa chuo hicho, Christopher Mattson, aliandika pamoja na wenzake simulizi ya kina ya mradi huo, iliyochapishwa mwaka 2017. Wanaeleza kwamba miaka mitano baada ya kuingia sokoni, mtambo ulikuwa umewapatia maji safi mamia ya maelfu ya watu katika nchi 15, kwenye mabara matatu. Thamani kubwa zaidi ya andiko hilo, hata hivyo, ni kwamba halikuficha uchovu wa safari: muda uliotumika, mazingira ya majaribio, uchangishaji wa fedha, kuvutana kwa matakwa ya watu mbalimbali. Msomaji anayedhani kwamba wanafunzi walichora mtambo, wakapata maksi na maji yakabubujika, atajifunza kwamba mwaka wa chuo ulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ilifanywa na mteja baada ya wanafunzi kuondoka, naye aliweza kuifanya kwa sababu shida ilikuwa yake tangu mwanzo.

Kuna mara nyingine ambapo mteja mwenyewe amekosea swali. Mwaka 2007, katika darasa la usanifu la Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi walipewa kazi ya kubuni mashine ya bei ndogo sana ya kuwatunza watoto njiti wasipate baridi. Wangeweza kubaki California wakapunguza gharama ya kipuri kimoja kimoja. Mmoja wao alikwenda Nepal, akaona kwamba mashine zipo katika baadhi ya hospitali za mjini, na watoto wanaokufa kwa baridi wengi wanazaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme. Swali likabadilika. Hawakubuni tena mashine ya bei nafuu. Walibuni kifuko cha kumvika mtoto, chenye pakiti ya nta maalumu mgongoni. Nta hiyo ikiyeyushwa hubaki kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa saa kadhaa inapoganda polepole, kisha inapashwa upya. Bidhaa hiyo ni Embrace, na imewafikia watoto katika nchi nyingi.

Somo la Nepal halipatikani kwenye kitabu chochote cha fizikia ya joto, na bila fizikia ya joto lisingezaa kitu. Wanaopinga miradi ya wateja husema inawageuza wanafunzi kuwa mafundi wa kukimbizana na maagizo, na nadharia inasahaulika. Mifano hii inaonyesha kinyume. Shinikizo la maji ndani ya chupa, nta inayoganda kwenye nyuzi zilizopangwa, gurudumu linaloongeza nguvu ya mkono: yote ni nadharia ya mwaka wa kwanza na wa pili, iliyopata mahali pa kusimama.

Hakimu mkali kuliko mteja anayelipa ni yule atakayekitumia kifaa kila siku. Amos Winter, mhandisi wa MIT, alikuja Tanzania mwaka 2005 akiwa mwanafunzi kuchunguza hali ya watu wanaotumia viti mwendo. Aliwakuta watu katikati ya vyombo viwili visivyowafaa. Kiti mwendo cha kawaida kinaingia ndani ya nyumba lakini kinakwama kwenye mchanga na matope. Baiskeli ya miguu mitatu ya kuendesha kwa mkono inakwenda mbali lakini haipiti mlangoni. Yeye na wanafunzi wenzake wakabuni kiti chenye mitaimbo miwili mirefu, kila mmoja umeungwa kwenye gurudumu kwa mnyororo wa baiskeli. Mwendeshaji akishika mtaimbo juu, anapata nguvu ya kupanda kilima. Akishika chini, anapata kasi. Gia ni mikono yake mwenyewe. Vipuri vinavyozunguka vilichaguliwa kutoka kwenye baiskeli, ili kikiharibika fundi baiskeli wa kijiji chochote aweze kukitengeneza.

Kwenye karatasi kilikuwa kiti kamili. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, watumiaji walikisema bila kumumunya maneno: kizito mno, kipana mno, ndani ya nyumba ni usumbufu. Mtu anayekaa kwenye kiti saa zote anajua upana wa mlango wake kuliko mhandisi yeyote. Timu ikapunguza uzito na upana kabla ya kwenda kukijaribu tena Guatemala mwaka uliofuata. Kazi hiyo haikuwa mradi wa mwaka wa mwisho kwa maana kamili ya neno, lakini ilipitia mikononi mwa madarasa ya wanafunzi na mafundi wa viti wa ukanda huu, na inaonyesha jambo ambalo jopo la maprofesa haliwezi kulitoa.

Upande mwingine wa mizani unastahili kutazamwa kwa macho makavu. Shirika la Design that Matters, lililochipuka MIT na ambalo limekuwa likiwashirikisha wanafunzi wengi, lilibuni mashine ya kuwapasha joto watoto wachanga kwa kutumia vipuri vya gari: taa za mbele zikitoa joto, feni ikisambaza hewa, betri ya pikipiki ikishika zamu umeme ukikatika. Wazo lilikuwa la kuvutia, kwa kuwa nchi nyingi zisizo na mafundi wa vifaa vya hospitali zina mafundi magari tele. Jarida la Time lilikiweka kifaa hicho miongoni mwa uvumbuzi bora 50 wa mwaka 2010. Hakikuwahi kuingia kiwandani. Timothy Prestero, mkuu wa shirika hilo, alieleza hadharani kilichotokea: walibuni kwa kuwafikiria watumiaji, lakini hawakumtafuta mapema atakayekitengeneza wala atakayekinunua. Hospitali za serikali zina taratibu zake za manunuzi, na daktari anayekipenda kifaa si yeye anayesaini hundi. Baada ya hapo shirika lilijifunza kuanza na mtengenezaji na msambazaji, na kifaa chao kilichofuata, cha kutibu manjano ya watoto wachanga kwa mwanga, kilifika hospitalini.

Hatari hiyo inaukabili kila mradi wa wanafunzi, kwa sababu mwaka wa chuo una mwisho na shida ya mteja haina. Mei au Juni wanafunzi wanavaa majoho, namba za simu zinabadilika, na mteja anabaki na kifaa ambacho hakuna anayejua kwa nini skrubu ile iliwekwa pale. Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, kilijaribu kuuziba ufa huo mwaka 1995, pale maprofesa Edward Coyle na Leah Jamieson walipoanzisha mpango wa EPICS wa kuhudumia mashirika ya jamii. Timu moja inachanganya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi wa nne, na mradi hauishii mwaka mmoja. Wa mwaka wa nne wakiondoka, wa mwaka wa tatu tayari wanamfahamu mteja, wanajua kilichoshindikana na kwa nini. Mteja haanzi upya kila mwaka kueleza shida yake.

Suala la umiliki nalo huleta ugomvi lisiposemwa mapema. Harvey Mudd hulimaliza kwa mkataba: matokeo ni mali ya mteja aliyelipa. Mteja akiwa ni zahanati au kikundi cha wakulima kisicholipa chochote, mambo si mepesi hivyo, na mwanafunzi mwenye wazo zuri ana haki ya kujua kabla hajaanza kama wazo litabaki lake. Vilevile, mwanafunzi si mhandisi aliyesajiliwa. Daraja alilolichora, hata likiwa sahihi, haliwezi kujengwa kwa saini yake; lazima mhandisi mwenye usajili, wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa Tanzania au wa Bodi ya Wahandisi kwa Kenya, alipitie na kulibeba. Kifaa cha hospitali hakimgusi mgonjwa mpaka kamati za maadili na madaktari waridhie. Wateja wanaotafuta kazi ya bure ya haraka hukatishwa tamaa na hatua hizi, na ni vyema wakatishwe tamaa mapema.

Afrika Mashariki ina msingi wa utaratibu huu kuliko inavyodhaniwa. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, hupelekwa viwandani na kwenye taasisi kwa mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu. Kenya wana utaratibu kama huo, maarufu kwa jina la atachimenti. Mwanafunzi anakaa wiki kadhaa kiwandani, anaona mkanda unaokatika mara kwa mara, boila inayokula kuni kupita kiasi, pampu ambayo hakuna anayejua kwa nini inaungua kila msimu wa mvua. Kisha anarudi chuoni na kuchagua mada ya mradi kutoka kwenye orodha isiyo na uhusiano wowote na alichokiona. Hiyo ni hasara ya wazi, na kuiondoa hakuhitaji mfadhili. Aliyekuwa msimamizi wake kiwandani angeweza kuwa mteja wake mwaka unaofuata, na ripoti ya mafunzo ingekuwa ukurasa wa kwanza wa mradi.

Kinachobaki kuwa kigumu ni fedha za vipuri. Mwanafunzi anayezunguka Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, akitafuta kihisio au mota mara nyingi anatumia fedha ya mfukoni, hivyo anabuni kitu kinacholingana na mfuko wake badala ya shida ya mteja. Kiwanda kikigharamia vipuri peke yake, bila ada ya makumi ya maelfu ya dola, tayari kimebadili hali.

Kwa vifaa vya hospitali, njia imeanza kufunguka. Rice ilishirikiana na chuo cha Blantyre ambacho sasa kinajulikana kama MUBAS, na pia na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kuanzisha studio za usanifu ambamo wanafunzi wanapata zana, vifaa vya kutengenezea mifano ya awali, na shida zinazotoka kwa wauguzi na mafundi wa vifaa tiba. Wanafunzi wa vyuo hivyo vitatu wamekuwa wakifanya kazi katika timu za pamoja. Ushirikiano mpana zaidi wa NEST360, unaolenga kupunguza vifo vya watoto wachanga, unafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, na mafunzo ya mafundi na wahandisi wa vifaa vya hospitali ni sehemu yake.

Hapo wanafunzi wa ukanda huu wana nafasi ambayo wenzao wa Houston hawakuwa nayo. Timu ya Rice ilitengeneza kifaa chake upande mmoja wa dunia na mgonjwa alikuwa upande mwingine. Kila swali lilisubiri barua pepe au safari ya ndege. Kutoka DIT hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili ni mwendo mfupi ndani ya jiji hilohilo, na MUBAS iko mji mmoja na Queen Elizabeth. Mwanafunzi anaweza kupeleka kifaa Jumatatu asubuhi, akakaa na fundi wa hospitali akitazama kinavyopimwa, na kama mrija umekosa saizi, akarudi karakanani mchana uleule, akaukata upya na kuurudisha Jumanne.